Siku Kiroboto Alipomwiga Mama Sikio

Mama Sikio alipiga nota zake kwenye piano, akainua mikono kama mtu aliyetoka kuosha vyombo, akasema, "Rudia."

Darasa zima likageuka kumtazama Kiroboto. Wengine walishaanza kubana midomo wasije wakacheka mapema, maana ukicheka mapema unaharibu utamu.

Kiroboto akafungua kinywa, akaimba. Sauti ilitoka safi, haitetemeki, imekaa katikati ya nota kama msumari uliogongwa na fundi. Kasoro ilikuwa moja tu: alichoimba hakikuwa kile mwalimu alichopiga. Hakikuwa hata binamu yake. Pale mwalimu alipopanda, yeye alishuka. Pale mwalimu aliponyamaza, yeye ndipo alipomwaga sauti yote. Ungedhani amesikiliza piano nyingine, katika chumba kingine, wiki nyingine.

"Si hivyo," alisema Mama Sikio. Hakukasirika, hasira yake juu ya kijana huyu ilikuwa imeshachoka ikajiketia. "Sikiliza tena." Akapiga tena, polepole, kama anayemnywesha mtoto dawa. "Haya, rudia."

Kiroboto akameza mate. Akaimba kile kile alichoimba mwanzo, nota kwa nota, kisha akaketi, kwapa limelowa.

"Huyu bwana," alinong'ona Tarumbeta kutoka kiti cha nyuma, kwa ule mnong'ono wake unaofika mpaka barabarani, "ukimuuliza jina lake anakutajia la jirani."

Darasa likavunjika mbavu.

Tarumbeta, ambaye alisomea tarumbeta na kuongea kwa sauti ya tarumbeta, ndiye aliyempa mwenzake jina la Kiroboto. Alisema huyu hakai kwenye nota: unamwona hapa, ukiweka kidole, yuko kule. Jina likamganda. Hata mlinzi wa geti la chuo cha muziki alimwita hivyo, tena kwa heshima: "Umri wa shikamoo hujaufikia, Bwana Kiroboto, lakini pita tu."

Sasa, ukweli wa mambo ni kwamba Kiroboto alizisikia nota zote. Alizisikia kuliko wengi waliokuwa wanamcheka. Angeweza kukuambia pia kwamba kuna kitufe kimoja upande wa kushoto kimelegea na kutoa sauti ya mtu mwenye mafua, kwamba pedali inalia kama panya, na kwamba Mama Sikio kabla ya kupiga huvuta pumzi puani na kukohoa kidogo, kikohozi cha adabu, kama anayeomba radhi kwa piano. Masikio hayakuwa na shida. Shida ilikuwa kinywani.

Kwao, katika lile kabila lao dogo ambalo watu wa usajili walilitafuta kwenye kompyuta wakalikosa wakabonyeza "Mengineyo", wimbo haukai kwa mtu mmoja. Unakaa kati ya watu wawili. Mtoto akishika filimbi anapewa upande: wewe utafungua, wewe utafunga. Mfunguaji anapuliza kipande chake na kuacha mashimo. Mfungaji anaingia kwenye yale mashimo. Ukiwasikia pamoja, ni wimbo mzima, huwezi kusema nani kaishia wapi. Ukimsikia mmoja peke yake, ni kama mtu anayepiga chafya kwa mpangilio. Kiroboto alipewa kufunga. Amefunga tangu meno ya utotoni. Mfunguaji wake alikuwa shangazi yake, fundi cherehani mwenye pumzi za kujaza tairi.

Na kuna jambo ambalo kwao halifanywi. Mtu akikufungulia, humrudishii alichopiga. Kumrudishia mtu sauti yake mwenyewe ni kumwambia: wewe huna la kujibiwa, hata ukuta unakutosha. Watoto watundu humfanyia hivyo mtu wasiyempenda, nyuma ya mgongo wake, kisha wanatoka mbio. Mtu mzima akikufanyia usoni, hapo pana kesi. Wajomba zake wawili waliacha kusalimiana kwa sababu hiyo hiyo, na hadi leo wakikutana njiani, mmoja huinama kujifanya anafunga kamba za viatu, ilhali amevaa ndala.

Kwa hiyo unaona balaa lenyewe. Kila kipindi, mwanamke mtu mzima, mwenye mvi zake, anayefundisha kwa moyo wote, anakaa kwenye piano, anamfungulia Kiroboto kwa upole, halafu anamwamuru amtukane mbele ya watu.

Alijaribu kumweleza, mara moja, baada ya darasa.

"Mwalimu, kwetu sisi hatu... yaani, mtu akipiga..."

"Najua," alisema Mama Sikio, akamshika bega. "Najua, kijana. Usijidharau. Kwenu kuna muziki mzuri tu."

"Hapana, Mwalimu, sisemi si mzuri, nasema kurudia ni..."

"Kurudia ndiyo dawa. Rudia, rudia, rudia. Hakuna njia ya mkato."

Angesema nini tena? Angemwambia mama wa watu, usoni, kwamba kazi yake yote ni kufundisha vijana matusi? Akashukuru. Akaondoka.

Akajaribu njia nyingine. Akajifungia chumbani na simu, akarekodi nota za piano, akajipigia, akarudia. Akaweza. Alirudia moja, kumi, zote, bila kukosea. Simu haina uso, simu haina mvi, simu haijawahi kukuuliza kama umekula. Akaenda darasani kifua mbele. Mama Sikio akakohoa kikohozi chake, akapiga, akamwangalia kwa yale macho ya huruma, na koo la Kiroboto likajifunga lenyewe kama duka lililoona wakaguzi. Kilichotoka kilikuwa kile kile cha siku zote: jibu.

*

Mwisho wa muhula ulipokaribia, Mama Sikio akamwita ofisini. Ilikuwa ofisi ndogo yenye piano kubwa, hivyo mgeni alikaa kwenye kiti cha piano na mwenyeji alikaa dirishani.

"Nitakuambia bila kuzunguka," alisema. "Mtihani wa kusikia umeanguka. Wa marudio umeanguka. Kanuni inasema uondoke kwenye programu. Juzi kwenye kikao nimegombana na watu wazima wenzangu mpaka nimeona aibu, wakakubali upewe nafasi moja ya mwisho. Atakuwepo mtahini wa nje. Ukianguka hapo, mimi sina tena mdomo."

"Nimeelewa, Mwalimu."

"Umeelewa? Maana mimi sielewi." Akasugua macho. "Nimefundisha viziwi nusu, nimefundisha watu wanaoimba kama mlango. Wote mwishowe wanakaribia. Wewe ndiye pekee ambaye kila siku unakosea mbali vile vile. Hukaribii, huendi mbali. Mtu asiye na sikio hukosea ovyo. Wewe unakosea kwa uhakika. Unaniogopa?"

"Hapana, Mwalimu. Nakuheshimu."

"Basi punguza," alisema Mama Sikio.

Kiroboto akatoka pale kichwa kikimzunguka. Kwenye ngazi akakutana na mkuu wa idara, mwanamume mnene mwenye furaha, ambaye kila akimwona alifungua mikono kana kwamba wamepotezana vitani.

"Hazina yetu," alisema mkuu wa idara. "Ndiwe niliyekuwa nakutafuta. Kesho tuna wageni. Njoo na ile filimbi."

Hilo nalo lilikuwa jambo la kumchanganya mtu. Chuo kile kile kilichotaka kumfukuza kwa kutosikia kilikuwa kimeweka picha yake kubwa ukutani pale chini, karibu na mlango wa kuingilia. Ameshika filimbi, anatazama mbali. Filimbi ameishika juu chini, maana mpiga picha alisema hivyo inapendeza zaidi. Kila mgeni akija, Kiroboto anaitwa. Na kila akiitwa, anapuliza sehemu yake, nusu ya wimbo, kwa sababu nusu ndiyo anayoijua. Mwanzoni alidhani wataleta mtu wa kufungua. Aliuliza. Mkuu wa idara akacheka, akamwambia, "Unatosha wewe peke yako," akidhani anamtia moyo.

Kesho yake wageni wakaja, wamevaa beji. Kiroboto akasimama mbele ya viti, akasubiri, kwa mazoea ya mwili, afunguliwe. Hakuna aliyefungua. Wageni wakadhani anatafakari, wakainamisha vichwa. Mwishowe akaanza kufunga wimbo ambao haukuwa umefunguliwa. Akapuliza kidogo, akanyamaza. Akapuliza, akanyamaza. Kwenye kunyamaza, kichwani, alimsikia shangazi yake vizuri kabisa, pamoja na cherehani.

Alipomaliza walimpigia makofi. Mgeni mmoja, mama mwenye miwani kifuani, akasogea.

"Ule ukimya," alisema, "ule ukimya wa katikati. Unamaanisha nini?"

"Hapo ndipo shangazi anapopuliza," alisema Kiroboto.

Mama yule akaweka mkono kifuani, akafumba macho. "Shangazi yupo hata asipokuwepo," akamwambia mwenzake. Mkuu wa idara akatikisa kichwa polepole, kama aliyelijua hilo siku zote.

Kiroboto akabaki ameshika filimbi. Nusu wimbo, makofi. Jibu sahihi, sifuri. Alijiuliza kama kuna mahali ndani ya jengo lile ambapo angefanya jambo, na watu wakaliona jambo hilo hilo alilofanya.

*

Jioni alimpigia shangazi. Cherehani ilikuwa inakwenda; haikuwahi kusimama kwa ajili ya simu.

"Eti bado unasomea kupuliza?" alisema shangazi. "Na wanaosomea kupumua wako darasa la ngapi?"

"Shangazi, niko kwenye shida."

"Umempa mimba nani?"

"Hapana, shangazi. Nataka kukuuliza. Mtu mkubwa, mwanamke, anakuheshimu, unamheshimu. Anakufungulia, halafu anasema umrudishie."

Cherehani ikaenda, ikaenda, ikapunguza mwendo.

"Umrudishie nani? Yeye?"

"Ndiyo."

"Usoni?"

"Usoni. Na kuna mtu wa pembeni anaandika alama."

"Huyo mama ni mgonjwa?"

"Hapana. Ni mtihani."

"Mwanangu," alisema shangazi, "mimi nimeshona nguo za vichaa wengi, wanalipa vizuri tu. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia nimtukane ndipo anipe pesa. Mimi hilo sina kipimo chake. Kula vizuri." Na cherehani ikashika kasi tena.

Basi akabaki na Tarumbeta. Walikuwa kwenye kamba za kuanikia nguo nyuma ya bweni, Tarumbeta anakamua suruali, na Kiroboto, kwa kukosa pa kwenda, akamwambia yote: kufungua, kufunga, wajomba, ndala. Alitegemea kuchekwa. Tarumbeta aliacha suruali ichuruzike mpaka ikamlowesha miguu.

"Ngoja. Ngoja kwanza. Kwa hiyo mwaka mzima Mama Sikio anakuambia mtukane, na wewe unakataa."

"Ndiyo."

"Kwa adabu."

"Ndiyo."

"Na mimi nakucheka kwa sababu una adabu."

"Wewe unacheka kwa sababu ni mjinga, lakini ndiyo."

Tarumbeta akaanika suruali, mguu mmoja juu, mmoja chini, akafikiri. Mtu huyu alikuwa anafikiri mara chache, lakini akifikiri alifanya hivyo kwa mwili mzima.

"Basi dawa ni rahisi," alisema. "Acha kujaribu kuimba. Mtukane."

"Nini?"

"Yeye si ameomba? Mtukane kwelikweli. Usiingie mle ndani kama mwanafunzi, ingia kama wale watoto watundu wa kwenu. Una mtu hapa chuoni usiyempenda?"

Kiroboto akafikiri. "Wewe, wakati mwingine."

"Safi. Anza na mimi."

Kwa siku zilizobaki, Tarumbeta alimpigia tarumbeta mahali popote, kwenye korido, kwenye foleni ya chakula, nje ya choo, na Kiroboto akamrudishia. Mwanzoni alitokwa jasho. Halafu koo likalegea. Na koo lilipolegea, liligundua kwamba utundu una utamu wake. Maana kumwiga mtu kwao si kurudisha nota peke yake. Unarudisha mtu mzima. Tarumbeta akipiga, Kiroboto anamrudishia na pumzi iliyokatika, na mate kwenye chombo, na ile tabia yake ya kuchelewa kidogo ili aonekane ana hisia.

"Mimi nachelewa hivyo?" aliuliza Tarumbeta.

"Zaidi ya hivyo."

"Mbona inaudhi," alisema Tarumbeta, akakaa kimya jioni nzima. Ikawa mara ya kwanza bweni kulala mapema.

*

Siku ya mtihani, chumba kilikuwa kimepangwa: piano, kiti cha mtahiniwa, meza ya mtahini wa nje. Mtahini alikuwa bwana mwembamba aliyekuwa amesafiri sana na kulala kidogo. Alikuwa akikoroga chai iliyoshakorogeka.

Kiroboto alikuwa ameingia amejiandaa. Amekaza uso. Kichwani alikuwa mtoto mtundu nyuma ya ukuta, miguu tayari kwa mbio. Mama Sikio akainuka kwenye piano, akamjia, akamrekebishia kola ya shati.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Tulia. Niko hapa."

Mwaka mzima alikuwa kijana. Leo ndiyo akawa mwanangu. Mtoto mtundu akapotea nyuma ya ukuta wake, na Kiroboto akabaki amesimama na kola iliyonyooka, hajui ashike wapi. Mama huyu amegombana na wenzake kwa ajili yake. Mama huyu amemwita mwanawe. Na sasa anarudi kwenye kiti, anavuta pumzi puani, anakohoa kikohozi chake cha adabu, na anapiga.

Kipande kilikuwa kirefu kuliko vyote vya darasani. Kilipanda, kikazunguka, kikashukia kwenye kile kitufe chenye mafua. Pedali ikalia. Kisha kimya, na ndani ya kimya kile jibu likaja lenyewe, limekamilika, zuri, likakaa kwenye ulimi wa Kiroboto kama mgeni aliyekwisha kuvua viatu. Ilikuwa ni kulitoa tu. Akilitoa, kesho anafunga mizigo.

"Rudia," alisema Mama Sikio. Sauti yake ilikuwa inaomba.

Kiroboto akafumba macho. Akameza jibu, alilisikia likishuka. Kisha akavuta pumzi puani. Akakohoa kidogo, kwa adabu. Na akaimba.

Aliimba kipande chote. Kwenye kitufe cha mafua, sauti yake ilipata mafua. Kati ya nota, kwa pembe ya mdomo wake, pedali ililia kama panya. Hata ile namna ya Mama Sikio ya kubonyeza nota ya mwisho na kuikawiza, kama asiyetaka kuaga, aliiweka, nzima, bila huruma. Alipomaliza, mikono yake ilikuwa imeinuka yenyewe, kama ya mtu aliyetoka kuosha vyombo.

Mtahini wa nje alikuwa ameacha kukoroga. Kitu kikamtoka puani. Alijaribu kukigeuza kikohozi, kikakataa, akacheka mpaka chai ikaruka.

"Samahani," alisema akijifuta. "Samahani sana. Sijawahi. Hata pedali. Kuna haja ya kuendelea?"

Wakaendelea, kwa kuwa kanuni ni kanuni. Kila kipande Kiroboto alikirudisha kilivyo, pamoja na mpigaji wake. Mtahini akaandika, akapigia mstari alichoandika, akatoka kwenda kutafuta chai nyingine huku mabega bado yanamtikisika.

Wakabaki wawili. Mama Sikio alikuwa ameinamisha uso juu ya vitufe. Kiroboto akaona mabega yake, akajua amemliza. Akapiga magoti pale pale kwenye zulia.

"Nisamehe, Mwalimu."

Mama Sikio akainua uso. Alikuwa analia kweli, lakini mdomo wote ulikuwa tabasamu.

"Nikusamehe nini? Umepata zote. Zote, unasikia? Nilijua. Niliwaambia kwenye kikao, huyu analo sikio, wakanicheka." Akamkamata mkono na kuutikisa. "Mbona uko chini? Umeangusha kitu?"

"Nimekukosea."

"Hujakosea hata moja."

"Ndiyo hivyo, Mwalimu. Hivyo ndivyo nilivyokukosea."

Ikawa kizungumkuti. Kila alivyoomba msamaha, ndivyo alivyopongezwa. Mwishowe akakaa sakafuni, akamweleza, bila kupamba na bila kuruka, nani hufungua, nani hufunga, na mtu anayerudisha anaitwaje. Mama Sikio akasikiliza. Tabasamu likapungua kidogo kidogo, kama taa inayoishiwa betri.

"Kwa hiyo pale," alisema, "mbele ya yule bwana. Ulikuwa unanitukana."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na mimi nimekupa zote."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na zile siku nyingine? Darasani? Mitihani ile miwili?"

"Zile nilikuwa nakujibu."

Mama Sikio akaangalia piano yake, kitufe kwa kitufe, kama mtu anayetafuta alipodondosha hereni. Nje, kwenye korido, watahiniwa wengine walisikika wakipasha sauti.

"Kila siku?" aliuliza.

"Kila ulipopiga."

Hakusema pole, hakusema asante. Labda vyote viwili vilifika mlangoni kwa pamoja vikagombania kupita. Alichofanya ni kuvuta pumzi puani. Akaanza kukohoa, akakumbuka, akajizuia, akawa mwekundu machoni. Akapiga kipande kifupi. Safari hii hakusema rudia. Akasubiri.

Na Kiroboto, akiwa sakafuni, hakujua atoe nini. Vyote viwili vilikuwa vimekuja. Jibu lilikuwepo, lakini sasa halikuwa peke yake. Pembeni yake palikuwa na ule mwigo, mtamu, umezoea, na ndio ulioufikia ulimi kwanza. Ikabidi ausukume. Alilitafuta jibu kama anayetafuta swichi kwenye chumba alichokulia, akashangaa ukuta umesogea. Akalipata. Akaimba, kwa kusitasita, kitu cha kufunga.

Mama Sikio akasikiliza hadi mwisho, macho yakang'aa. Halafu, kwa kuwa ndiyo kazi aliyofanya maisha yake yote, na kwa kuwa hiyo ndiyo namna pekee aliyoijua ya kumwambia mtu nimekusikia, akakirudisha. Nota kwa nota, na kule kusitasita.

Kiroboto akaruka kama aliyechomwa sindano.

"Vipi?" aliuliza Mama Sikio. "Nimekosea wapi?"

"Hujakosea, Mwalimu."

Mama Sikio akakaa na lile jibu, akasikia maana yake. Akaziba mdomo kwa mkono. "Oh."

"Si kitu, Mwalimu."

"Nimekutukana."

"Kidogo."

"Basi tuko sawa? Wewe umenitukana, mimi nimekutukana. Kwenu inahesabiwaje?"

"Sijui," alisema Kiroboto. Na alikuwa hajui kweli. Kwao aliyekurudishia alikuwa adui yako, na adui yako hakurekebishii kola. "Wajomba hawakufika huko."

"Ngoja nijaribu tena," alisema Mama Sikio, akapiga. Kiroboto akajibu. Mama Sikio akang'ang'ania vitufe asirudie. Akauma mdomo, akapiga kitu kingine, chochote, ili mradi kisiwe kile. Kiroboto akakipokea vibaya, nusu akakifunga, nusu akakiiga. Kilichotoka hakikuwa wimbo. Hakikuwa tusi. Hakikuwa cha kumwonyesha mgeni yeyote mwenye beji. Lakini hakuna aliyeacha. Kila mmoja alikuwa anasubiri mwenzake ndiye amalizie, na mwenzake hakuwa na uhakika kama ni zamu yake.

Mtahini wa nje akarudi na chai yake. Akasimama mlangoni, akamwangalia mwanafunzi aliyekaa kwenye zulia, akamwangalia mwalimu aliyetokwa jasho kwenye piano, akatazama saa.

"Samahani," alisema. "Nani anayefuata?"

Mama Sikio alifungua kinywa kumjibu, akamtazama Kiroboto. Kiroboto alikuwa anamtazama yeye, akingoja afungue.